Mtani Aliyenyamaza

Shangazi yangu Sikuzani wa Lionja alikuwa na mdomo. Kwenye msiba wa watani alichota maji, akaosha vyungu, huku akimtukana marehemu mpaka wafiwa wakacheka. Utani ni haki, alisema, na una kazi yake.

Mwaka 1949 kampuni moja ya karanga ikaitaka ardhi yetu. Jumbe akaomba chuo cha kilimo kimlete mtu asiye na upande, aseme lipi ni shamba la mtu na lipi ni pori la kuchukuliwa. Akaja Mwalimu Bashiri, mtani wetu aliyekulia hapo hapo. Akafika kwenye shamba la shangazi, lililokuwa limepumzishwa lirudishe nguvu, akasema, "Hili pori."

Pori! Mtu aliyekula muhogo wa shamba lile tangu hajaota meno!

Shangazi alikwisha kusikia kwa dereva wa kampuni kwamba mwalimu ni mshauri wao, tena wanamlipa mshahara. Akasimama kwenye baraza la jumbe.

"Huyu anakula vyungu viwili! Chuo kinamlipa, kampuni inamlipa. Atatuamuaje?"

Baraza zima likaangua kicheko. Walidhani anatania. Bashiri naye akacheka, tena kwa sauti.

"Sitanii!" shangazi akapiga kelele. "Leo sitanii!"

Wakazidi kucheka. Hilo linanichoma mpaka leo. Jumbe mwenyewe alifuta machozi ya kicheko, kisha akapitisha maneno ya mwalimu. Kwetu mwenye undugu na upande mmoja hupisha, waamue wengine. Bashiri angesema tu, "Mimi nina kazi kwao, tafuteni mtu mwingine." Hakusema, mnafiki yule. Tingatinga likaingia shambani wiki ile ile.

Karanga zikawashinda, kampuni ikaondoka. Udongo mzuri ulikwisha sukumwa pembeni, hata mtama haukukubali. Shangazi akawa kibarua kwenye mashamba ya watu Marambo.

Baada ya miaka michache mama yake Bashiri akafariki, watani tukaitwa. Nilimwambia shangazi asiende. Akaenda. Akachota maji, akapika, akaosha vyungu, na watu wakangoja matusi yake. Hakufungua mdomo. Siku ya kuanua tanga Bashiri akamfuata jikoni, macho mekundu.

"Mtani, hata neno moja? Mama alikupenda. Nitukane basi."

Shangazi akajifuta mikono kwenye khanga.

"Mama yako nimemzika. Wewe nilikwambia kweli, ukacheka. Sasa lia."