Shingo ya Kiti cha Baba

Baba alipofariki, mwaka wa 2012, kiti chake kilibaki kwa mama. Kiti chenyewe ni ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho popote, mchana akakikalia, usiku akakilalia kama mto. Mama alitaka kimwendee kaka yangu. Lakini tulipokuwa tukihamisha vitu kwenda upande mwingine wa Lodwar, punda alikikanyaga. Kikalio kilipasuka vipande vipande na wayo wa chini ukavunjika. Kilichosalia kizima ni shingo tu, ile sehemu ya kati inayobeba kikalio, urefu wa kidole cha kati na unene wa vidole viwili.

Mama hakuitupa. Aliifunga kwenye kitambaa akaiweka pale anapolaza kichwa.

Mapema mwaka wa 2013 kaka alipata kazi ya ualimu Lokori. Nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mama.

"Ataenda kwa watu bila kitu cha baba yake?" aliniuliza. Kisha akauliza tena kesho yake.

Mimi ndiye niliyefikiria kalamu. Kakuma, ndani ya kambi, kulikuwa na fundi Mkongomani aliyekereza kalamu kutoka kwenye mti wa mathenge na kuwauzia wageni. Nilimpigia simu. Aliniuliza mti wetu una ukubwa gani, nikampimia kwa vidole, naye akasema niulete mkavu na safi, usipakwe kitu. Nilimweleza mama. Akasema amesikia.

Karakana ya fundi huyo ilikuwa kibanda cha mabati chenye mashine ya kukerezea mbao, na umeme uliletwa na waya uliopita juu ya paa kutoka kwa jenereta ya jirani, Msomali mwenye duka. Mama alisalimia kwa Kiturkana, "Ejok," na fundi akamjibu "Ejok, mama," vizuri kabisa, hata mama akamtazama upya.

Kisha mama akafungua kitambaa. Ule mti uling'aa. Asubuhi hiyo, kabla hatujaondoka Lodwar, alikuwa ameupaka mafuta ya kondoo kama alivyokipaka kile kiti miaka yote, kwa sababu hakuweza kuupeleka kwa watu ukiwa umepauka.

Fundi alipitisha kidole juu yake, akakiangalia kidole.

"Dada, nilikuambia mukavu."

"Mama alitaka upendeze."

"Umependeza. Lakini mafuta inaingia ndani ya mti, na gundi haipendi mafuta. Na biti ya kutobolea itateleza."

Nilimtafsiria mama. "Mwambie mti huo umekula mafuta tangu yeye hajazaliwa," alisema. "Azoee."

Fundi alicheka, halafu akatueleza shida yenyewe. Tundu lazima lipite katikati kabisa, kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu ndani yake unaingia mrija wa shaba, na mti unaouzunguka hukerezwa mpaka ubaki mwembamba kama ganda la yai. Tundu likienda upande kidogo tu, patasi itaikuta shaba. Tena biti inapotokea chini huupasua mti, ndiyo maana yeye hukata kipande kirefu kuliko mrija, akaondoa mwisho ulioharibika. Sisi hatukuwa na cha kuondoa.

"Iko hii moja tu?"

"Moja tu."

Alitoka nje, akanywa maji, akarudi.

Aliikata ile shingo kuwa mraba. Akachora mistari miwili kwenye ncha, kutoka pembe hadi pembe, na pale ilipokutana akagonga msumari kupata kishimo kidogo cha kushikia biti. Akaibana kwenye jiliwa juu ya kipande cha mathenge, vikashikana barabara, ili biti ikitoka chini isikute hewa, ikute mti mwingine. Akaweka skweya upande mmoja, akaiweka upande wa pili, kuhakikisha shingo imesimama wima. Halafu akapaza sauti kupitia ukutani.

"Muzee, zima friji kidogo! Drili inakosa nguvu."

"Soda zangu zichemke?"

"Dakika chache tu."

"Wewe kila siku ni dakika chache," alisema Msomali, lakini mngurumo wa friji ukanyamaza.

Drili ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe ili ishuke wima. Aliishusha kidogo, akaipandisha, akaifuta biti kwa kitambaa. Akashusha tena. Hakukutoka vumbi. Ulitoka unga mweusi uliogandamana kama ugali, na mti ulipopata joto ukatoa harufu: mafuta, tumbaku, moshi wa kuni.

Mama, aliyekuwa ameketi, alisimama.

"Ni yeye," alisema.

Fundi alimtazama. Aliizima drili akangoja. Mama akasogea, akakinga kiganja chini ya jiliwa kuudaka ule unga.

"Mama, mukono iko karibu na mashine."

"Mwambie mkono ni wangu," mama aliniambia, na hakuuondoa.

Walivuka nusu ya mti hivyo, yeye akitoboa na mama akikinga. Kisha biti ikalia. Fundi akaiondoa haraka. Ilikuwa imepata moto, na angesukuma ingehama njia. Tukasubiri ipoe. Mama alidhani kazi imeisha, nikamwambia bado, akakunja uso kama mtu aliye mlangoni pa hospitali.

Mara ya mwisho drili iliposhuka, sauti ilibadilika na unga ukatoka wa rangi ya njano. Ulikuwa wa kile kipande cha mathenge cha chini.

"Tumefika," fundi alisema.

Alilegeza jiliwa. Hakutazama, alimpa mama kwanza. Mama akaweka tundu jichoni, akaelekeza mlangoni.

"Unaona nini?" nilimuuliza.

"Naona mwanamke anakaanga mandazi. Mafuta yake hayajapata moto."

Nilipomtafsiria fundi, alicheka mpaka akaegemea meza. Kisha akachukua kipande, akakagua ncha zote mbili. Chini, tundu lilikuwa limesogea upande mmoja, kiasi cha unywele. "Itatosha," alisema. "Huku nitakereza polepole." Aliliosha tundu kwa spiriti mara nyingi, akatia gundi, akatuambia turudi jioni. Kalamu tuliyoikuta ilikuwa nyeusi, na hakuna mahali shaba ilipoonekana.

Siku ya kuondoka, karibu na lori la Lokori, mama alipompa kaka ile kalamu aliigeuza mkononi, akaichomeka mfukoni mwa shati.

"Usimwazime mtu," mama alisema.

"Mama, mimi mwalimu. Watoto wanaomba kalamu kila siku."

"Baba yako aliwahi kumpa nani akalie kiti chake?"

"Hakuna."

"Haya."

Kaka alifikiri kidogo, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha duka. Aliporudi alikuwa na kalamu ya plastiki, ameichomeka kando ya ile nyingine. Akamwonyesha mama.

"Hii ndiyo ya kuazima," alisema, na mama akamruhusu apande.