Fundi Bomba Aliyemchagua Mrushaji wa Tolliver

Orville Stadtler alikuwa fundi bomba wa Tolliver, mji mdogo wa Ohio wenye taa mbili za barabarani na uwanja unaokalisha watu wengi kuliko wote wanaoishi humo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, goti moja bovu, na maoni.

Kila Jumamosi asubuhi, tangu enzi za nywele nyeusi za mkewe Nadine, Orville alipiga simu redioni kueleza ni nani anayestahili kuwa mrushaji wa Nyigu, timu ya mpira wa Kimarekani ya sekondari ya mji. Mrushaji ndiye anayeupokea mpira kwanza. Ndani ya sekunde tatu lazima aamue: aurushe kwa mwenzake aliye mbali, amkabidhi aliye karibu, au akimbie nao mwenyewe kabla hajafunikwa na vijana wanne wenye uzito wa ndama. Tolliver iliwahi kukaa miezi minane bila meya, na watu waligundua tu pale bendera ya manispaa ilipochakaa. Bila mrushaji isingemaliza wiki.

Kiangazi kile mrushaji wa zamani alikuwa amemaliza shule na kwenda zake. Waliobaki kugombea nafasi walikuwa wawili: Bryce, mtoto wa Garland Voss muuza matrekta, na Emmett Lomax, aliyelelewa na shangazi yake Mavis mwenye saluni. Mji uligawanyika. Kanisani kwaya ilianza kukaa pande mbili, na sauti ya tatu ikakosa mwimbaji kwa sababu aliyeiimba hakutaka kuegemea popote.

Jumamosi moja Orville alipiga simu kama kawaida, na siku hiyo Kocha Kemper mwenyewe alikuwa studioni. Kemper alikuwa na miaka miwili mjini, na bado aliitwa "yule wa Indiana".

"Tatizo lenu makocha mnatazama mkono," Orville alisema. "Mrushaji si mkono, ni kichwa."

"Wiki iliyopita ulisema ni miguu, mzee."

"Miguu inatumwa na nani? Si kichwa?"

"Basi chagua wewe," Kemper akasema polepole.

"Nichague nini?"

"Mrushaji. Njoo mazoezini, tazama unavyotaka. Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni, utataja jina, nami nitampanga huyo huyo. Nasema hewani, Tolliver nzima inasikia."

Orville alibaki ameshika simu sikioni. Nadine alikuwa jikoni akigeuza mayai.

"Si ulikuwa unalitaka?" alisema bila kugeuka. "Haya, hilo hapo."

Baadaye watu walimsifu kocha kwa unyenyekevu. Ukweli ni kwamba Kemper alijua yeyote atakayemchagua, nusu ya mji itamchukia, akaona ni heri ichukiwe sura iliyozoeleka.

Kufikia Jumatatu mchana, mji mzima ulikuwa umeziba. Simu kumi na moja ziliingia kabla ya chakula. Watu ambao mabomba yao Orville aliyafunga kwa mikono yake, na aliyajua kama meno yake, walilalamika kuwa maji hayaendi.

Kwa Voss alikuta kiazi kizima ndani ya sinki, kimesukumwa mpaka kooni.

"Hiki kimeingiaje?" aliuliza, akiwa amelala chali chini ya kabati.

"Hata sijui," alisema Garland Voss, akichuchumaa karibu naye na faili nene. "Lakini maadamu uko hapa, hebu tazama. Nimemwajiri mtaalamu kutoka Columbus. Kurasa arobaini na sita. Kiganja cha Bryce, kutoka kidole gumba hadi cha mwisho, inchi kumi!"

"Nimewahi kufanya kazi na mtu wa kiganja kikubwa. Mkono haukupita popote."

"Utani huo, Orville. Soma."

"Na akikasirika je?"

"Ukurasa wa thelathini."

Orville akafungua ukurasa wa thelathini. Kulikuwa na picha ya Bryce akiwa amekasirika, na kipimo pembeni.

Bryce mwenyewe alikuwa uani, kijana mrefu, mpole, mwenye adabu, akirusha mpira katikati ya tairi lililoning'inizwa. Alipiga mara ishirini, mara ishirini ukapita. Kila ulipopita, alimtazama baba yake kwanza.

Kwa Mavis Lomax bomba lilikuwa limefunguliwa kwa spana, na spana yenyewe ilikuwa bado juu ya meza.

"Mrushaji ni moyo, Orville," alisema Mavis, akimkatia pai ya cheri kipande cha kumtosha farasi. "Yule wa Voss ana moyo? Ana mkufunzi, basi."

Emmett aliingia kwa kuruka uzio badala ya kupitia getini. "Mzee Stadtler! Umekuja kunichagua au kunirekebishia choo?"

"Mdomo huo!" Mavis akamfokea, huku akicheka. Orville naye akacheka. Kila mtu alicheka Emmett alipokuwepo, hata mchungaji, na kwa kweli alikimbia kama sungura aliyemwagiwa maji ya moto.

Jumatano asubuhi, kwenye kifungua kinywa, Orville aliandika sifa za mrushaji nyuma ya karatasi ya duka la vifaa. Nadine akavaa miwani na kuzisoma kwa sauti.

"Awe mrefu. Hee! Mwaka wa mafuriko ulisema warefu huanguka kama ngazi."

"Nilikuwa nazungumzia yule mmoja tu."

"Awe mtulivu. Na mwaka nilipofanyiwa upasuaji ulisema mtulivu ni mtu aliyelala ila macho hayajafumba. Nilikuwa kitandani hospitalini, nikakusikia redioni."

"Nadine, mama, nisaidie basi."

"Si ndiyo nakusaidia? Awe na mkono wenye nguvu. Hilo ulilitetea miaka minne na kulipinga sita."

Chai ilipoisha, karatasi ilibaki na sifa moja ambayo Orville hakuwahi kuipinga hewani: awe anasikia vizuri. Alikwenda mazoezini akiwa na hiyo tu mfukoni.

Alikuwa ametazama mchezo ule maisha yake yote, lakini kutoka juu, kwenye majukwaa, ambako kila kitu huonekana kama ramani: huyu yuko wazi pale, yule amelala, kwa nini mjinga huyu harushi? Siku hiyo Kemper alimvika kofia ngumu na kumsimamisha mahali pa mrushaji.

"Hawatakugusa. Utapokea mpira, utatafuta mtu aliye wazi, utanielekeza kwa kidole. Basi."

Mpira ukamfikia mikononi. Orville akainua kichwa na kuona migongo. Migongo, mikono, kofia, vumbi, na nyuma ya vumbi sauti za watu wanaomtakia mabaya. Uwanja wenyewe ulikuwa umetoweka. Alimtafuta mtu wa kumwelekezea kidole, na kabla hajapata hata mmoja kijana mwekundu kama nyanya alikuwa amesimama pua kwa pua naye, akisema kwa heshima, "Umekufa, mzee."

Walirudia mara tano. Alikufa mara tano.

Alikwenda kuketi kwenye benchi la mbali na kuvua kofia. Lipo jambo ambalo Orville hakuwahi kulisema redioni. Alipokuwa na miaka kumi na saba alikuwa mrushaji wa akiba wa Nyigu, na alicheza mechi moja, kipindi cha mwisho. Alirusha mara nne. Mipira mitatu ilidakwa na wapinzani. Kwa miaka arobaini na mbili alijiambia kwamba jua lilikuwa machoni. Sasa, akifuta jasho, alikumbuka kuwa ilikuwa siku ya mvua.

Kwenye benchi lile walikuwa wamekaa walinzi watano wa mrushaji, wale wanene wanaojipanga mbele yake ili kupigwa badala yake. Walikuwa wanakunywa maji na kuhema kama matrekta. Mkubwa wao, Hollis Dengler, alimsogezea chupa.

"Pole, mzee. Ulijitahidi."

"Nilijitahidi nini? Sikuona kitu."

"Wote huanza hivyo."

Orville akanywa, akawatazama. Mikono yao ilikuwa na michubuko hadi viwikoni. Hapo ndipo swali likamtoka, na alisema baadaye kwamba lilimtoka kwa sababu ya aibu tu, si kwa busara yoyote.

"Nyinyi mngependa asimame nani nyuma yenu?"

Watano wakatazamana.

"Unatuuliza sisi?" Hollis alisema.

"Kwani anayepigwa hapa ni nani? Voss?"

Hollis alijifuta mdomo. "Brandl."

"Brandl gani?"

"Curtis. Yule pale." Alionyesha kijana wa kimo cha kawaida, mtoto wa wafuga ng'ombe wa maziwa, mrushaji wa tatu, ambaye kocha alimpa dakika kumi za mwisho za mazoezi ili asijisikie vibaya.

"Kwa nini yeye?"

Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, kama watu waliosubiri foleni muda mrefu.

"Bryce mpira ukipotea anatutazama sisi."

"Emmett tunampenda, lakini hatujui anakimbilia wapi. Namkinga kushoto, kumbe yuko kulia anawapungia wasichana mkono!"

"Curtis anakwambia anakwenda wapi, halafu anakwenda huko huko," Hollis alisema. "Akikosea anasema nimekosea. Halafu tunarudia."

"Na mkono wake?"

"Mkono," alisema Hollis kwa uangalifu, "upo."

Orville alibaki mpaka dakika kumi za mwisho. Mpira wa Curtis Brandl uliyumba angani kama kuku aliyerushwa kutoka darini. Lakini ulitua mahali penye mtu, na mtu huyo alikuwa wa kwao. Na wale watano, waliokuwa wamejikokota siku nzima, ghafla wakasimama mbele yake kama ukuta wa benki.

Ijumaa saa kumi jioni ukumbi wa shule ulijaa. Orville hakujua kuhutubia bila simu sikioni. Akasimama, akasema, "Curtis Brandl," akaketi.

Kwanza watu waliulizana huyo ni nani. Walipoambiwa, ukumbi ulilipuka. Mavis Lomax alidai pai yake, jambo ambalo halikuwezekana. Garland Voss alipanda juu ya kiti.

"Umemtoa wapi huyo? Kwa kipimo gani?"

"Niliwauliza walinzi."

"Walinzi! Huko ni kumuuliza ng'ombe nani awe mkulima!"

"Ng'ombe ndiye anayejua nani anakamua vizuri, Garland."

Mwanamke mmoja akasimama nyuma, mpana wa mabega, mkoba mkononi. Alikuwa mama yake Hollis. "Samahani," alisema. "Garland, mwanangu ndiye umemwita ng'ombe?"

Garland akashuka kwenye kiti.

Mechi ya kwanza walicheza na Pruett, majirani ambao Tolliver hairuhusiwi kushindwa nao. Walishindwa, ishirini na moja kwa ishirini. Curtis alitoa mipira miwili kwa wapinzani, na mara zote mbili majukwaa yote yaligeuka, si kumtazama Curtis wala kocha, bali Orville, aliyekaa safu ya nane na blanketi la Nadine magotini.

"Rudi kwenye vyoo!" mtu alipiga kelele.

"Vyako havijalipiwa!" Nadine akamjibu.

Lakini Orville aliona kitu safari hii. Baada ya mpira wa pili kupotea, Curtis alikwenda kwa wale watano, akajigonga kifuani mwenyewe, akasema neno moja. Hollis akamchapa kofi la kwenye kofia lililokaribia kumwangusha. Kisha wakarudi, wakatembea uwanja mzima hatua kwa hatua, na kufunga. Orville alitambua kuwa amesimama, blanketi liko chini, na anapiga kelele jina la mtoto ambaye wiki mbili nyuma hakumjua.

Msimu uliisha kwa ushindi sita na vipigo vinne. Mwaka uliotangulia ilikuwa tano kwa tano, hivyo mji ulikubaliana kwamba umefanya maendeleo. Emmett akawekwa mbele kudaka mipira, kazi ambayo hakuna aliyehitaji kujua anakimbilia wapi ila Curtis, naye alipendeza kuliko siku zote. Bryce Voss alimfuata Orville siku moja kwenye gari lake la kazi.

"Nashukuru, mzee."

"Kwa kukunyima nafasi?"

"Baba amemwachisha kazi yule mtaalamu. Sasa Jumapili nalala mpaka saa tatu." Akapeana naye mkono, na kweli kiganja kilikuwa kikubwa.

Kocha Kemper alisifiwa kwa kuwa na mbinu mpya na akapewa mkataba wa miaka mitatu. Mwezi wa kumi na moja Kamati ya Mashabiki ilikutana kuandika mbinu hiyo ili isipotee. Iliamuliwa kwamba kuanzia sasa mrushaji atachaguliwa kwa kusikiliza walinzi, na kwamba maoni ya walinzi yatatolewa na jopo la watu tisa, mwenyekiti akiwa Garland Voss.

"Kuna mlinzi kwenye hao tisa?" Orville aliuliza.

Voss alipekua karatasi zake. "Dengler tumemwita leo."

"Yuko wapi?"

"Anapanga viti. Ana nguvu sana yule kijana."

Orville akageuka. Kule nyuma Hollis alikuwa amebeba viti vinane, vinne kila mkono. Mjumbe mmoja alikuwa ameanza kusoma sifa za kuwa mjumbe wa jopo, na ya kwanza ilikuwa awe mrefu. Orville aliinuka taratibu, akakunja mikono ya shati, akaenda nyuma kusaidia kubeba. Vilikuwa vimebaki viti mia moja na zaidi.