Kijitaa cha Mzee wa Kisumu

Sikumpenda yule mzee, na niseme hivyo mapema kabla watu hawajanisifu kwa kupanda mlima kwa ajili yake.

Alikuwa Mhindi wa Kisumu, akiishi katika nyumba ya wazee huku ughaibuni, mtaa wa Minto, ambako kazi yangu ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha. Kiswahili alikijua, ila kile cha jikoni, cha kuamrisha. "Wewe, leta maji. Wewe, funga dirisha." Mamangu alifua nguo miaka mingi katika nyumba za Wahindi kama yeye, na huko pia jina lake lilikuwa Wewe. Kila nikimsikia, damu ilinichemka.

Haja yake duniani ilikuwa moja tu: kufika kwenye hekalu la kale lililo juu kabisa katika milima ya Himalaya. Mwanawe alikuwa ameshakata tiketi korona ilipoingia na mipaka ikafungwa. Hekalu lile, alinieleza, hufungwa theluji ikianza, na makuhani huacha ndani taa ya samli. Miezi sita baadaye wakifungua mlango, huikuta bado inawaka. Basi naye akataka taa chumbani mwake mpaka mipaka ifunguliwe. Moto ulikuwa marufuku, hivyo mwanawe akaleta kijitaa cha betri na kukiacha mapokezi, maana wageni hawakuruhusiwa kuingia. Kazi ya kukiangalia nikapewa mimi.

Siku moja mchana, nikitandika kitanda, nikakizima. Sikukusudia. Kwetu ukiacha taa ikiwaka mchana kweupe ulichapwa, na mkono wangu ulikwenda wenyewe. Mzee aliporudishwa kutoka bafuni akaona.

"Nani kwisha zima taa?"

Ningesema samahani, yangeisha. Badala yake nikamjibu kwa sauti ya ofisini, barakoa usoni: "Ni sheria ya hapa, mzee. Tunaokoa umeme." Umeme gani, na kitu ni cha betri!

Hakubisha. "Basi mlango ya hekalu kwisha funga," alisema, akageukia ukuta. Hakuomba kiwashwe, nami kwa ukaidi wangu nikakiacha hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hakuniamrisha tena. Wiki tatu baadaye alikufa, mwanawe akitazama kutoka nje ya dirisha.

Mipaka ilipofunguliwa nilichukua likizo nikaenda kwenye hekalu lile. Kina mama wa kanisani kwetu, mtaa wa Mount Druitt, waliniambia nafuata sanamu, nikawaacha waseme. Njia ilikuwa ya mawe, mvua na mavi ya nyumbu wa kubeba mizigo, na kifua kilinibana nikadhani ni korona imerudi. Nilipanga foleni tangu asubuhi, halafu ndani nikasukumwa nje kabla sijajua nitazame wapi. Sikuhisi kitu. Nilikasirika hadi machozi.

Uani nilimkuta kuhani mzee aliyejua Kiingereza, nikamweleza yote bila kuficha. Nilitaka anigombeze. Mwishowe nikamuuliza, "Na mkifungua mlango, mkaikuta taa imezimika?"

Alinitazama kwa mshangao. "Tunaiwasha tena," alisema. "Huku kuna upepo mwingi."

Swichi ya kile kijitaa ilikuwa chini yake. Wiki zile tatu nilikiinua kila asubuhi, nikapangusa vumbi, nikakirudisha mahali pake.