Ng'ombe, Ufuta na Mume wa Kimeksiko

Juzi, katika ofisi ya mtendaji wa kata huko Lionja, nilikuta kina mama wawili wamekaa benchi moja wakipeana mgongo. Mmoja alikuja kushtaki kwamba ng'ombe wamekula ufuta wake. Mwenye ng'ombe ndiye yule mwingine, aliyehamia na familia yake kutoka Kanda ya Ziwa.

Kwenye televisheni ya pale ofisini, tamthilia ya Kimeksiko ilikuwa inarudiwa. Mume alimwapia mkewe kwamba hana mwanamke mwingine.

"Muongo huyo!" akasema mkulima.

"Tena mwanamke mwenyewe ni dada wa mke," akadakia mfugaji.

Mkulima akageuka mzima. "Dada wa tumbo moja?"

"Haki ya Mungu. Jana hukuangalia?"

"Ningeangalia saa ngapi? Nilikuwa nafukuza ng'ombe wako!"

Mfugaji akaziba mdomo kwa kiganja, kisha wote wawili wakaangua kicheko.

"Nisamehe, dada," akasema. "Msimu ujao nitakulimia shamba lote kwa maksai wangu."

Mtendaji alipowaita, walikuwa wameshapeana mikono.

Nimejifunza kwamba majirani waliokosana wakati mwingine wanahitaji mtu wa tatu wa kumchukia pamoja, na ni heri awe anaishi Meksiko.