Ndama wa Majani

Kazi ya ng'ombe niliipata kwa sababu ya mdomo wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa mlinzi wa jengo moja Bur Dubai, nikisimama saa kumi na mbili kwa siku kuwafungulia watu mlango uliokuwa ukijifungua wenyewe. Siku moja bibi mmoja mzee, aliyekuja kumtembelea dada yake ghorofa ya nne, akanisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu. Alikuwa mzaliwa wa Unguja, amekaa Dubai tangu ujana wake, na Kiswahili chake alikuwa amekitunza vizuri kuliko nilivyokitunza changu. Akaniuliza kwetu watu hufanya nini.

"Madam, sisi ni watu wa ng'ombe," nikamjibu. "Mimi nimeanza kukamua kabla sijajua kuvaa suruali."

"Madam ndo nani? Niite Bibi."

Kukamua nilikuwa nimekamua kweli. Nisichomwambia ni kwamba nilipelekwa shule ya bweni nikiwa bado mdogo, na tangu hapo ng'ombe wengi niliokutana nao walikuwa kwenye sahani. Mdomo huponza kichwa. Wiki tatu baadaye mwanawe, tajiri ambaye mimi nilimwita sir, alikuwa amemalizana na kampuni yangu ya ulinzi, nami nikawa mfugaji jangwani.

Shamba la sir lilikuwa nje ya mji: mchanga kila upande, ukuta mrefu, na ndani yake migomba michache iliyofunikwa neti isiungue na jua. Ng'ombe walikuwa tisa, wadogo wenye nundu, wakiishi chini ya banda lenye feni kubwa. Wao walikuwa na feni, mimi nilikuwa na dirisha. Malisho hayakuwepo. Kila asubuhi pikapu ilileta jeti, majani mabichi ya kijani ambayo ng'ombe wa huko huyapenda mno, nami nikawagawia mmoja mmoja kama mhudumu wa hoteli. Nilipomweleza baba kwa simu kwamba ng'ombe wa huku huletewa chakula pale pale walipo, aliuliza kama wana bima pia.

Bibi alikuja kila Alhamisi na kulala hadi Ijumaa. Alitaka kitu kimoja tu, maziwa ya kugandisha mtindi kama wa kwao. Mwaka huo tegemeo lake lilikuwa ng'ombe mweusi, wa pekee aliyekuwa na mimba. Kwetu tunasema ng'ombe wa maskini hazai. Huyu alikuwa wa tajiri, akazaa, na siku ya tatu ndama akafa kwa joto.

Ng'ombe wa aina ile hashushi maziwa mpaka ndama wake amguse. Nilimbembeleza, nikampigia mluzi, nikamkanda kiwele kwa maji ya vuguvugu. Wapi. Jumatano sir akaja na kanzu yake nyeupe, akaitazama ndoo yangu kavu.

"Khalas. Ijumaa butcher."

"Sir, nipe siku mbili, please."

"Siku mbili, inshallah," akasema, kwa ile inshallah ya mtu aliyekwisha kumpigia mchinjaji simu.

Nilimhurumia ng'ombe, lakini nisidanganye, nilijihurumia mimi zaidi. Maziwa yasipokuwepo, mkamuaji ni wa nini? Nilikuwa nauona ule mlango wa Bur Dubai ukijifungua mbele yangu.

Ndipo nikakumbuka mambo ya kwetu. Ndama akifa, huchunwa ngozi, ikajazwa nyasi, ikashonwa na kusimamishwa mbele ya mama yake. Mama huilamba, na maziwa hushuka. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo, kazi yangu ikiwa kushika kamba. Ngozi ya ndama nilikuwa nimeshaipaka chumvi na kuianika, kwa sababu kwetu ngozi haitupwi. Basi Alhamisi mchana nikaijaza majani, nikaishona kwa sindano ya gunia, nikampelekea ng'ombe mtoto wake.

Akamnusa. Akatoa sauti ndogo ya kooni. Akaanza kumlamba mgongoni, nami nikachuchumaa na ndoo yangu nikijisifu moyoni. Akalamba ubavuni, akashuka tumboni, mshono ukaachia. Kisha nikasikia anatafuna.

Kwetu hujaza nyasi kavu ambazo hata mbuzi huzikataa. Mimi, mtu wa ng'ombe, nilikuwa nimemjaza ndama jeti. Mama yake alimla matumbo yote bila haraka, akabakiza ngozi, akanitazama kama kuna nyongeza.

Nyuma yangu Bibi alikuwa ameshika nguzo ya banda, anacheka hadi machozi.

"Lahaula! Mtu wa ng'ombe wewe! Na suruali umevaa!"

Nilikimbilia chumbani. Chini ya godoro nilikuwa nimeficha sare zangu za ulinzi, suruali mbili na mashati matatu, maana mtu hajui kesho. Niliogopa kuzitoa, msinicheke. Nikazitoa zote, nikazisokomeza ndani ya ngozi. Bibi akaninyang'anya sindano.

"Mshono wako huu hata gunia litaona haya."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashona mwenyewe. Safari hii ng'ombe alilamba na kulamba, na hakukuwa na cha kula. Nilipogusa chuchu, maziwa yakaja. Nikaanza kukamua kwa mikono miwili.

"Tumemdanganya, Bibi," nikasema.

"Nani kadanganywa? Ng'ombe ana pua. Ajua vyema mwanawe kafa."

"Sasa mbona ametoa?"

Alikuwa akimpapasa ng'ombe shingoni, hanitazami.

"Wanangu wamenipandia migomba jangwani, wakaniletea na ng'ombe, ili nisiwe nalilia kwetu. Wadhani sijui hapa si Unguja? Lakini wamehangaika, wanangu. Basi nami nalamba."

Niliendelea kukamua. Nilimpenda bibi yule kuanzia hapo, kama mtu wa damu yangu.

"Usimwambie mwanangu," akasema baadaye.

"Habari za ndama?"

"Za ndama mwambie, acheke. Hizo nyengine."

Ijumaa mchinjaji alirudishwa langoni. Sir alikunywa glasi mbili za maziwa, akamwona ndama mwenye kola ya mlinzi ikichungulia shingoni, akacheka hadi akafuta macho. Kisha akanivuta kando, mbali na mama yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mama anapafurahia pale.

"Sana, sir," nikamwambia.