Santuri Niliyobadilisha kwa Mtungi

Mjukuu wangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa: siku niliyoficha santuri ya babu yako ndani ya ungo wa mchele nikaenda nayo kwenye soko la vyungu Matema. Shule mimi niliishia darasa la pili, mwandiko wangu unauona. Lakini hili sikutaka mtu aniandikie.

Babu yako Ambokile, mume wangu, ujanani alifanya kazi migodini, Zambia. Huko aliipenda bendi moja ya vijana wa roki, magitaa ya umeme yanaunguruma kama radi ya hapa Kyela mwezi wa nne. Aliwasikia wakiwa hawajulikani, wanapiga kwenye kilabu cha pombe, na walipotoa santuri yao ya kwanza aliinunua. Za baadaye hakuzitaka. "Hii waliipiga wakiwa na njaa," alikuwa akisema. "Zile nyingine waliimba wameshiba."

Nilipoolewa hapa Makwale nilimkuta na gramafoni ya betri na santuri hiyo moja. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliipiga, akaimba nayo, sauti yake inafika mpaka kwenye kokoa za jirani. Halafu sindano ikaisha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamefunguka, kila mtu anavuka mto Songwe wa mpakani na redio kaseti begani. Sindano ya gramafoni nani alete? Miaka miwili santuri haikutoa sauti. Na bado kila Jumapili aliitoa kwenye jalada, akaifuta kwa kitambaa, ameishika ukingoni kwa vidole kama anashika kichwa cha mtoto mchanga, akairudisha.

"Mpenda chongo huita kengeza," nilimtania. "Unamfuta bubu."

"Si bubu, Mama Lusajo. Amenyamaza tu. Binamu yangu wa Karonga ananitafutia sindano."

Sikudanganyi kwamba sikujua anaipenda. Nilijua, ndiyo maana nilikereka. Mimi hakuwahi kunishika kwa uangalifu ule.

Pale sokoni alikuwepo Bibi Sekela, mfinyanzi mzee wa Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa. Wanawake wa kule hufinyanga kwa mkono: udongo hukaa juu ya kigae, kigae kinazungushwa huku vidole vinapandisha chungu. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wa kale, na kigae cha bibi yule kilikuwa kimepasuka. Nikamwonyesha santuri. Akaizungusha juu ya kidole.

"Ina mwenyewe hii?"

"Imekufa, bibi. Haisemi."

Akanipa mtungi mkubwa wa maji. Nikarudi nao kichwani nikijiona mjanja. Jalada nilikuwa nimeliacha nyumbani mahali pake, na ndani yake kipande cha boksi, lisilegee.

Alhamisi ya juma lile lile sindano ikafika, imefungwa ndani ya kiberiti. Babu yako alicheka peke yake. Akaita majirani waje wasikie. Akafungua jalada mbele yao, akatoa boksi.

Hakunipiga. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Iko wapi?"

Kesho yake nilipanda mtumbwi kwenda Ikombe. Nilimkuta bibi uani, chungu kibichi kimekaa juu ya santuri, na santuri inazunguka. Inazunguka, mwanangu, kama Jumapili zile. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Aliinua chungu, akaenda kuiosha ziwani. Mchanga wa udongo ulikuwa umeshailamba, mistari yake imefutika.

"Uliniambia imekufa," akasema. "Kumbe uliniletea mgonjwa nimzike."

Nikasema nitamrudishia mtungi wake.

"Kaa nao. Chungu kikivunjika nafinyanga kingine. Hii santuri, udongo wake unachimbwa wapi?"

Nikarudi nayo nyumbani, babu yako akaiweka kwenye gramafoni. Sindano ilikwaruza kama kuku anayechakura, upande wa kwanza, upande wa pili. Mahali pamoja gitaa lililia kidogo, kama mtu anaita kutoka ng'ambo ya mto, likapotea. Akazima.

Nilituma watu Karonga, nikatuma mpaka migodini. Jibu likaja kwamba ile ya kwanza haipatikani tena, na kwamba vijana wale wenyewe wanazikwa mmoja mmoja. Hilo la pili sikumwambia. Nadhani alijua.

Tuliishi miaka mingi baada ya hapo, na alinitendea wema. Maji ya mtungi ule aliyanywa. Kuimba hakuimba tena, hata kanisani. Alisimama na kitabu cha nyimbo wazi, mdomo umefungwa. Lusajo, mama yako, aliyekuwa mchanga wakati ule, amekua na baba yake asijue sauti yake ya kuimba. Nilimwomba radhi mara nyingi. Kila mara alijibu, "Yameisha." Hayakuisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na tumemzika akiwa kimya.

Basi nakuambia wazi, maana mwezi ujao unaolewa. Kitu anachokipenda mwenzio usikipime kwa faida yake, wala usiseme kimekufa kwa sababu kwako wewe hakisemi. Usikionee wivu. Ukishindwa kukipenda, kipitie mbali. Na usidhani kusamehewa ni kurudishiwa. Mimi nilisamehewa.

Mungu akupe nyumba yenye kelele, mwanangu. Akupe mume anayeimba, hata kama anaimba vibaya, na aushike mkono wako kabla haujafika ulikofika wangu. Ndaga, asante kwa kunisoma.