Nukta Nyekundu ya Vestina

Watu wa Majengo, pale Mpanda, walimpa Apolinari jina la Saa Mbovu, na wala hakulikasirikia. Alikuwa fundi saa. Meza yake ya kioo ilikaa barazani kwa duka la vitenge, na ukutani nyuma yake zilitundikwa saa za kila namna, kila moja inasema lake. Ukimuuliza, "Mzee, saa ngapi?" anakujibu, "Unataka ya nani?" Watu wanacheka, wanapita zao. Hiyo miaka ya tisini saa za betri zilijaa sokoni kama dagaa, za plastiki, zinalia pii-pii mkononi mwa kila kijana, na zikifa zinatupwa. Nani sasa amtafute fundi? Walimjia kwa betri na mkanda, basi, na siku nyingine hakuja hata huyo wa mkanda. Apolinari akawa anashinda pale na lenzi jichoni, anachungulia saa ambazo wenyewe walishazisahau, maana kushinda nyumbani kulikuwa kubaya zaidi.

Nyumbani kulikuwa kubaya tangu mkewe, Vestina, afariki. Jamani, upweke usikie kwa mwenzako tu! Mtu mzima anasonga ugali, anautazama, kumbe amesonga wa wawili tena. Anapiga chafya, hakuna wa kumwambia afya. Mungu hakuwajalia mtoto wa tumbo lao. Waliyemlea ni Agape, binti wa mdogo wake Vestina, naye alishaolewa huko Majimoto. Kwa hiyo mzee alibaki na kuku wake na redio yenye mikwaruzo.

Sasa nikuambie habari ya saa yenyewe. Zamani, mgodi wa madini ya risasi ulipofungwa na Wazungu wakafunga mizigo, mke wa injinia mmoja alimletea Apolinari, wakati huo kijana, saa ndogo ya fedha ya kuning'iniza shingoni. Ilikuwa ya bibi yake mzaa mama, na ilikuwa imekufa. Akamwambia, "Ukiweza kuifufua, ni yako, mimi naondoka." Apolinari akaifufua. Alipokwenda kuposa kwa Wafipa, ndiyo aliyomvika Vestina, na Majengo nzima ikapiga vigelegele.

Ila Vestina hakujua kusoma saa, na zile namba za Kirumi aliziita kuni zilizofungwa vibaya. Halafu saa ya shingoni ina kero yake. Ukiinyanyua kutoka kifuani, inakujia machoni kichwa chini, miguu juu. Wengine huigeuza. Vestina hakuigeuza, na kumbe kichwa chini ndiko kulikomfaa! Saa zetu na za Wazungu zinapishana sita. Saa moja yetu, mshale mfupi unasimama penye saba yao, na saa ikiwa kichwa chini, hapo penye saba panakuwa ndipo mahali pa moja. Mwanamke akawa anatazama mshale mfupi tu, ule mrefu hana habari nao, na saa anakutajia vizuri kuliko karani wa stesheni. Apolinari alicheka mpaka akakaa chini.

Basi akaitengeneza imfae zaidi. Akautoa ule mshale mfupi mwembamba, akaweka mwingine mnene wa saa nyingine, ili auone vizuri. Pete ya juu ilipokatika akapinda spoku ya baiskeli, akaweka ya kwake. Mwisho akachukua rangi nyekundu ya kucha, akaweka nukta ndogo mahali pa saa kumi na moja. "Mshale ukigusa hapa," akamwambia, "injika maji ya ugali. Mimi ndiyo nafunga meza." Maisha yao yote yakaenda kwa nukta hiyo. Akichelewa anakuta mtu mlangoni ameishika saa kifuani: "Nukta imepita, bwana. Ulikuwa kwa nani?"

Vestina alipokufa, siku ya kuanua matanga, ndugu zake walikuja kutoka Ufipa, wakatandika mkeka na kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Kitenge kwa huyu, sufuria kwa yule. Saa ikamwangukia Agape kwa kuwa ndiye aliyelelewa. Haki yake, sikatai. Lakini mgane hafungui mdomo mbele ya wakwe, na Apolinari, aliyetaka kitu hicho kimoja tu kati ya vyote, alitazama kinavyofungwa kwenye leso ya mtu. Siku zikaenda. Yeye akaendelea kufunga meza saa kumi na moja, akaendelea kuharakisha kwenda kwenye mlango usio na mtu. Mazoea yana taabu.

Ndipo kiangazi kimoja, mchana, Agape akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu! Nyie watu wa Majimoto mnafufuka leo?"

Agape hakucheka. Mumewe alikuwa amekwenda machimboni akapotelea huko, na yeye alikuwa anashonea watu kwa cherehani ya kuazima ambayo mwenyewe sasa anaitaka. Alikuja na mtu, Salvatori, mnunuzi wa asali kutoka Tabora aliyekuwa akija misitu ya Ugalla kila msimu, na pembeni alinunua vitu vya kale kwa ajili ya tajiri mmoja wa Dar. Agape akafungua leso, akaiweka saa juu ya kioo bila kumtazama mzee usoni.

"Mzee," Salvatori akasema, kwa adabu, "mimi nimeshaumwa na nyoka, nikiona jani nashtuka. Nimewahi kuuziwa ganda la kale lenye matumbo ya betri. Huyu mama anasema saa unaijua wewe. Niambie kweli, ni ya kale? Na ni yenyewe yote?"

Apolinari akaichukua. Akavuta lenzi jichoni. Akaipima uzito kiganjani, akaisugua mgongo kwa kitambaa na kuitazama rangi, maana fedha ya kweli huingia weusi kwenye michoro na ya kupaka hubanduka. Akafungua kifuniko cha nyuma, kisha cha ndani chenye maandishi ya Kifaransa. Akamwonyesha Salvatori namba iliyogongwa kwenye kila kifuniko, ileile moja, kwa hiyo vilizaliwa pamoja. Akamwonyesha skrubu za bluu, rangi iliyotoka kwenye moto na si kwenye kopo, na kile kifuniko kidogo juu ya gurudumu linalochezacheza, kimechongwa maua kwa mkono. Akafungua kioo cha mbele, akaugusisha ulimi kwenye uso mweupe: baridi ya kauri.

"Ni ya kale. Ni ya tangu enzi za Mjerumani, pengine kabla," akasema. "Ganda ni lake, mashine ni yake, uso ni wake."

"Na vingine?"

Hapo mzee akaigeuza saa uso juu. "Pete hii ni spoku ya baiskeli. Mshale mfupi si wake. Na hii nukta nyekundu niliiweka mimi."

Salvatori akakunja sura. "Pete si neno, zinapatikana. Nukta inafutika. Lakini mshale, mzee! Tajiri wangu akiona mshale wa kuazima anairudisha. Ule wa asili ungekuwepo ningeichukua sasa hivi. Bila huo, basi, niwahi treni."

Agape akashusha pumzi ndefu. Akaisukuma saa polepole juu ya kioo kuelekea kwa mzee. "Kama haiuziki, baba mkubwa, kaa nayo wewe. Ni ya mama mkubwa. Hata siku ile ya matanga nilitaka kusema ibaki kwako, ila niliogopa wajomba."

Lo! Yaani hapo ndipo shetani anapovuta kigoda akakaa. Maana ule mshale wa asili ulikuwepo. Ulikuwa kwenye droo ya meza hiyohiyo, ndani ya kopo la rangi ya viatu, umefungwa kwenye karatasi ya sigara tangu siku alipoutoa. Hakuna aliyejua ila yeye. Hahitaji kudanganya, anyamaze tu, na saa imerudi nyumbani. Ataitundika kitandani. Jioni ataitazama kichwa chini, mshale utagusa nukta, na itakuwa kama kuna mtu anamsubiri. Ee Mungu, aliitaka saa ile! Aliitaka mpaka macho yakamwuma.

Salvatori alikuwa ameshainuka. Agape alikuwa anakunja leso, na Apolinari akaviona vidole vyake, vimechomwachomwa na sindano, vikikunja kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Ndivyo Vestina alivyomfundisha kukunja nguo, akiwa mdogo, sakafuni, huku maji ya ugali yanachemka.

"Ngoja," akasema. "Kaa chini, bwana. Mshale ninao."

Akafungua kopo. Akafanya kazi bila kunyanyua kichwa. Akautoa mshale mnene kwa kibano, akauvika ule mwembamba mahali pake, ukakaa kana kwamba haukuwahi kutoka. Akaikata pete ya spoku, akaweka ya fedha aliyoitoa kwenye saa nyingine iliyokufa, akamwambia Salvatori wazi kwamba hiyo nayo ni ya kuazima, na Salvatori akaitikia kwa kichwa. Ikabaki nukta. Akachovya pamba kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, akaishika hewani.

"Baba mkubwa," Agape akasema taratibu, "kama hutaki, acha."

"Nyamaza, mwanangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Akafuta. Ilitoka mara moja, bila ubishi, ukabaki wekundu kidogo tu kwenye pamba. Akaitia saa ufunguo, akaisikiliza, akampa Salvatori. Salvatori akaishika kwa pete, namba kumi na mbili juu kama Mzungu anavyoishika, akatabasamu. Akamlipa Agape palepale. Agape akapiga magoti mbele ya meza, barazani, watu wanaona, akakishika kiganja cha mzee kwa mikono yote miwili na kulia. Kisha Salvatori akawahi treni, na Agape naye akaondoka, maana gari la Majimoto lilikuwa linajaza watu na watoto alikuwa amewaacha kwa jirani.

Apolinari akachukua lenzi, akachungulia saa ya mtu asiyekuja. Treni ikapiga honi, ikaondoka. Jua likashuka nyuma ya mapaa ya bati, na wachuuzi wakaanza kukunja maturubai. Zile saa za ukutani, mojamoja, kwa wakati wake, zikafika saa kumi na moja na kuipita.

Mwenye duka la vitenge alipokuja kufunga milango akamkuta bado amekaa, meza iko wazi. Akashangaa, maana katika ujirani wao wote hajawahi kumwona pale muda huo.

"Mzee Saa Mbovu! Leo vipi, huendi nyumbani?"

"Bado mapema," Apolinari akasema, na watu walikuwa wameshawasha taa.